Tiketi ya shirika A, ndege ya shirika B: mama kakosa chakula chake, mimi nimegomewa launji. Kosa la nani?

Mwana wa Kurasini #1

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama Copenhagen kwa dada yangu. Mama ana kisukari, anachoma insulini. Tiketi nilikata mwenyewe mtandaoni kwa shirika ambalo nina kadi yake ya dhahabu ya wasafiri wa mara kwa mara, tuliite A. Nikaomba chakula cha wenye kisukari kwa safari yote, ukurasa ukaniandikia kimethibitishwa. Nikalala usingizi.

Ndege ya kwanza haina neno. Mhudumu kaja na trei ya mama kabla ya watu wote, ina kibandiko cha jina lake na namba ya siti. Mama kasema, "Hawa wana adabu."

Shida ilianzia tulipoenda kuunganisha. Tuna saa tano za kusubiri, miguu ya mama imevimba, nikampeleka launji, ukumbi wa kupumzikia, ajinyooshe. Dada wa mlangoni kapitisha bodingi pasi yangu kwenye mashine, ikalia, taa nyekundu. Kapitisha tena, nyekundu. Akaniambia kwa upole, "Kadi yako nzima, ila ndege unayopanda si yetu." Naangalia bodingi: herufi ni zile zile mbili za A. Chini yake, kwa maandishi ya kutafutia miwani, inaendeshwa na shirika B.

Tukakaa viti vya chuma. Ndani ya ndege ya B mama kaona toroli linakuja, akachoma sindano yake. Toroli limefika, kumbe ni la biashara: mkate wenye jibini, keki, soda. Mhudumu kaangalia orodha yake, jina la mama lipo, chakula hakipo. Pesa taslimu hawapokei, kadi yangu ya benki ikakataa. Mama akaanza kutoka jasho na kuongea polepole. Aliyemuokoa ni kijana wa siti ya dirishani, alikuwa na juisi ya boksi na biskuti za mwanawe.

Naomba kuelimishwa: nimekosea wapi, na nani wa kumbana? Mama anarudi mwezi wa tatu.

Jicho la Tatu #2

Pole kwa mama. Sasa A na B ni nani? Hatusomi hesabu hapa.

Mwana wa Kurasini #3

@Jicho la Tatu sitaji mkuu, malalamiko yangu yapo mezani kwao bado.

Dawati la Tiketi #4

Nakata tiketi mjini Dar mwaka wa kumi na moja huu. Hiyo inaitwa kodisheya. B ndiye mwenye ndege, rubani, wahudumu na trei. A kabandika namba yake juu ya safari ya B, akakuuzia siti.

Ambacho wasafiri hawakijui ni kwamba buku lako, yaani nafasi uliyokata, lina namba mbili za herufi sita. Ya A ndiyo uliyotumiwa kwenye barua pepe. Ya B ipo, ila hukupewa. Ombi la chakula husafiri kama ujumbe wa herufi nne, la mama ni DBML. Kwenye kipande cha A lilijibiwa HK, yaani limekubaliwa. Kwenye kipande cha B huenda lilibaki NN, limeombwa na halijajibiwa, au lilirudi UC, haiwezekani. Ukurasa wa A ukakuonyesha la kwake tu.

Mwezi wa tatu piga simu A, waambie wakutajie namba ya buku ya B. Ingia nayo ukurasa wa B. Chakula ukikikuta humo, sawa. Usipokikuta, omba upya kwa B, na usisubiri siku ya mwisho. Wengi wanataka angalau saa 24, wengine zaidi.

Bint Mkunazini #5

Kodisheya ndo nini, kodi ya sheha?

Jicho la Tatu #6

😂😂 Na ukichelewa kulipa unanyang'anywa launji.

Sista Wodi Namba 4 #7

Mimi ni muuguzi. Mengine mtajadiliana, ila hili la bi mkubwa lisipite. Insulini ya chakula haichomwi kwa kuona toroli. Inachomwa chakula kikiwa mbele yake, amekishika. Na ndani ya mkoba wa mkononi kuwe na kitu cha sukari cha haraka, juisi ndogo ya boksi uliyonunua baada ya ukaguzi au vidonge vya glukosi, pamoja na kitu cha kushikilia tumbo. Dawa zenyewe zikae mkononi, zisiende na begi la chini.

Halafu kaka, kwani hukuwaambia wahudumu kwamba mgonjwa anashuka sukari? Soda wangetoa bure.

Mwana wa Kurasini #8

@Sista Wodi Namba 4 ahsante dada. Ukweli nilichanganyikiwa, nikabaki nabishana na mashine ya kadi. Yule kijana alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Mzee wa Maili #9

Tuje kwenye launji. Hapo umeonewa. Kadi ya dhahabu inafuata namba ya tiketi. Namba ni ya A, pesa kachukua A, launji ni ya A. Ungekaza msimamo ukamwita msimamizi wangekufungulia.

Otieno wa Embakasi #10

@Mzee wa Maili hapana, umepotosha. Miungano yote mitatu ya mashirika ya ndege, Star Alliance, SkyTeam na oneworld, inaangalia nani anarusha ndege. Mimi nina Elite Plus, daraja la juu la SkyTeam, kupitia Kenya Airways (KQ). Nikitoka Nairobi kwenda Amsterdam, iwe ndege ni ya KQ au ya KLM, naingia, kwa sababu wote wako SkyTeam na safari ni ya kimataifa. Lakini nikienda Mombasa na kurudi, Elite Plus hainipi launji kama haki ya muungano, hata kama ndege ni ya KQ yenyewe.

Sasa chukua Kilimanjaro kwenda Nairobi. Unaweza kuuziwa namba ya KQ ukajikuta kwenye ATR, ndege ndogo ya mapanga, ya Precision Air. KQ ina hisa Precision tangu 2003, ni ndugu kabisa, ila Precision haiko SkyTeam. Undugu wa hisa haufungui mlango. Labda wawe na makubaliano yao wenyewe pembeni.

Mzee wa Maili #11

Mimi nimeingia mara mbili na namba ya kuazima, sijasimuliwa.

Otieno wa Embakasi #12

Umeingia kwa huruma ya mlangoni, Mzee wangu. Siku nyingine utakutana na mashine.

Kaka wa Lubumbashi #13

Bandugu, miye natumia sana Ethiopian kupitia Addis. Iko Star Alliance tangu 2011. Pale uwanja wa Bole na kadi ya Gold naingia, napumzika, nakula injera yangu. Lakini ukiwa na tiketi ya namba ET na sehemu ya safari inarushwa na ASKY ya Lomé, ASKY haiko Star Alliance, hata kama Ethiopian ni mwenye hisa mule. Kwa hiyo kwenye mguu ule usitegemee Gold. Nilijifunza kusoma neno "inaendeshwa na" kabla ya kusoma bei.

Dawati la Tiketi #14

Naongezea kwa @Otieno wa Embakasi. Oneworld, ambako Qatar Airways iko tangu 2013, ni wagumu zaidi: wanataka ndege irushwe na mwanachama NA namba ya tiketi iwe ya mwanachama. Ukiwa ndani ya ndege ya mwanachama lakini umenunua kwa namba ya shirika lililo nje ya oneworld, unaweza kukosa. Yaani kinyume chake pia kinauma.

Na kituko kingine. Mwenye Gold ya United yenyewe, akisafiri ndani ya Marekani tu, haingii launji za United kwa Gold hiyo. Mwenye Gold ya Ethiopian au Turkish anaingia. Mgeni anakula, mwenye nyumba yuko nje.

Bint Mkunazini #15

Hiyo ya mgeni kula na mwenye nyumba kuwa nje naijua, shemeji zangu wapo hapa wiki ya tatu.

Abu Salma, Muscat #16

Assalaam alaykum. Huku Ghuba kodisheya maarufu ni Emirates na flydubai, tangu 2017. Emirates haiko muungano wowote kati ya ile mitatu, kwa hiyo hayo ya Gold na Elite Plus yaacheni mlangoni. Ila kwenye chakula kuna la kujifunza. Kwa miaka flydubai ilikuwa na tiketi za bei ya chini zisizo na chakula. Aliyenunua safari ile ile kwa namba ya EK, yaani ya Emirates, alihesabiwa chakula na uzito wa mizigo wa Emirates. Watu wawili siti jirani, mmoja analetewa boksi, mwingine anatoa kadi.

Kwa hiyo @Dawati la Tiketi unaposema chakula ni cha anayerusha, si kila mahali. Inategemea walivyoandikiana.

Na angalieni geti. flydubai iko Terminal 2 na safari nyingine Terminal 3. Terminal hizo ziko pande mbili za uwanja, si za kutembea kwa miguu.

Dawati la Tiketi #17

@Abu Salma, Muscat wa alaykum salaam. Umenirekebisha vizuri. Anayepika na kugawa ni anayerusha, ila nani apewe inaweza kufuata namba ya tiketi. Nakubali.

Mzee wa Maili #18

Basi na mimi sikukosea sana.

Otieno wa Embakasi #19

Ulikosea kwa launji. Kwa chakula umeokotwa njiani.

Fundi wa Trei #20

Nimechelewa uzi. Nimefanya kazi jiko la ndege miaka sita kabla ya kufungua mgahawa wangu. Maelezo ya #4 mazuri, ila mimi naona sababu nyingine.

Jikoni hatuna habari na A. Orodha inatoka kwa mwenye ndege. Kila chakula maalumu kinafungwa peke yake, kinabandikwa karatasi ya jina na siti, kinakaa rafu ya juu ya toroli ili mhudumu asikichanganye. Idadi inafungwa saa kadhaa kabla ya ndege kuruka. Baada ya hapo hata waziri akiomba, hakuna.

Sasa B alikuwa anauza chakula. Ndege ya kuuza mkate haina trei ya kisukari kabisa. Hakuna cha ujumbe kupotea. Hata ungeomba miezi sita kabla, jibu lingekuwa lile lile. Safari fupi za Ulaya ziko hivyo siku hizi. Lufthansa tangu 2021 ikonomi ya ndani ya Ulaya wanakupa maji na chokoleti ndogo, kingine ununue. British Airways walianza kuuza mapema zaidi, Januari 2017. Mtu katoka Dar na namba ya shirika lenye biriani, anamalizia safari na chokoleti ya ukubwa wa sabuni ya hotelini.

Dawati la Tiketi #21

Kama B hakuwa na huduma hiyo, ombi lilipaswa kurudi limekataliwa na A amjulishe abiria. Bado ni ujumbe.

Fundi wa Trei #22

Lilipaswa.

Mama Watoto Watatu #23

Na mimi nina yangu. Nilibuku chakula cha watoto, CHML, mambo safi. Wiki mbili baadaye wakasogeza muda wa ndege dakika arobaini tu, nikabonyeza nakubali. Siku ya safari vyakula vya watoto hakuna, na siti zimetawanyika, mmoja 14, mwingine 31. Kaunta wakaniambia ratiba ikibadilika buku linajengwa upya na maombi mengine yanadondoka. @Mwana wa Kurasini hebu angalia barua pepe zako, hawakubadilisha muda?

Mwana wa Kurasini #24

@Mama Watoto Watatu dada umenishtua. Nimeangalia sasa hivi. Kweli, kuna barua pepe ya mabadiliko ya mguu wa pili, kutoka saa 7:10 mchana kwenda 7:35. Nilikubali nikiwa kwenye daladala.

Jicho la Tatu #25

Kesi imefungwa, mtuhumiwa ni daladala.

Fundi wa Trei #26

Haijafungwa. Ratiba ilibadilika, ndiyo. Ila toroli bado lilikuwa la kuuza.

Mdau Hamburg #27

Kuna jambo mnalipita. Kwenye ucheleweshaji, sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 inamtwisha anayerusha ndege, si aliyeuza namba. Chakula cha bure unakidai ndege ikichelewa saa 2 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, saa 3 mpaka 3,500 hivi, saa 4 kwa za mbali nje ya Umoja wa Ulaya. Fidia ni yuro 250, 400 au 600 kutegemea umbali.

Sasa oneni utamu wa kodisheya. Wawili wanatoka Nairobi kwenda Amsterdam siku moja, wote tiketi zao zina herufi KL za KLM. Mmoja anarushwa na KLM, mwingine na KQ. Ndege zikichelewa, wa KLM analindwa kwa sababu anaingia Ulaya na shirika la Ulaya. Wa KQ sheria hiyo haimhusu upande huo wa kuja. Akiondoka Amsterdam kurudi, wote wanalindwa.

Pima Kwanza #28

@Mdau Hamburg karibu upatie yote. Ongeza hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Julai 2019. Abiria walitoka Prague kwenda Bangkok kupitia Abu Dhabi, buku moja. Mguu wa kwanza uliruka na shirika la Cheki bila tatizo. Mguu wa pili, uliorushwa na Etihad kwa kodisheya, ukachelewa. Mahakama ikasema buku moja ni safari moja, na la Cheki lililorusha mguu wa kwanza linawajibika kulipa, halafu likadaiane na mwenzake. Kwa hiyo "anayerusha" si lazima awe aliyechelewesha.

Mdau Hamburg #29

Nimesimama kusahihishwa. Ila inafanya kazi safari ikianzia Ulaya, sivyo?

Pima Kwanza #30

Kesi ile ilianzia Ulaya, ndiyo. Mama wa mleta uzi akirudi kutoka Copenhagen anaingia humo vizuri. Ila hiyo ni kwa kuchelewa au kufutwa kwa ndege. Trei iliyosahaulika haina fidia humo.

Bint Mkunazini #31

Mnaenda mahakamani, mimi nauliza: kwa nini mtu asibebe chapati? Mamangu anafunga chapati sita kwenye foili, anaziweka katikati ya kanga mbili, tukifika juu bado zina joto. Mhudumu akipita na toroli sisi tunamuangalia kwa huruma.

Kaka wa Lubumbashi #32

😂 Chapati iko na muungano gani?

Bint Mkunazini #33

Inaingia miungano yote. Hata flydubai.

Pima Kwanza #34

Chapati kavu sawa. Msibebe sambusa za nyama wala maziwa mkidhani mtashuka navyo Ulaya. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia na abiria. Kuleni viishe kabla ya kutua. Na mchuzi ni kimiminika, ukaguzi wa viwanja vingi wanaupima kwa mililita 100 kama manukato.

Otieno wa Embakasi #35

Jamaa alinyang'anywa mchuzi wa kuku wa kienyeji pale ukaguzi, akaomba aunywe palepale. Akaunywa. Foleni nzima ikangoja.

Salary Iko Njiani #36

Swali la pembeni: sisi tusio na dhahabu wala shaba? Benki yangu imenipa kadi yenye Priority Pass, ile ya kuingilia launji.

Dawati la Tiketi #37

@Salary Iko Njiani wewe ndiye tajiri wa uzi huu. Priority Pass, LoungeKey na DragonPass hazijali namba ya tiketi wala nani anarusha, mradi una bodingi ya siku hiyo. Angalia tu launji yenyewe ipo kwenye orodha yao, iko upande gani wa uhamiaji, na kama benki inakulipia kila unapoingia au inakukata baadaye kimyakimya. Wakijaa wanakugomea pia.

Mzee wa Maili #38

Nilikatwa dola 35 kwa glasi ya maji na mto. Nilijua bure.

Mwana wa Kurasini #39

Mrejesho wakuu. A wamenijibu: suala la chakula niwasiliane na aliyerusha ndege. B wamenijibu: tiketi si yao, niwasiliane na aliyeuza. Barua zote mbili zimeanza na "tunathamini safari yako."

Jicho la Tatu #40

Taja basi majina sasa!

Mwana wa Kurasini #41

Bado 😅

Ila nimefanya alivyosema @Dawati la Tiketi. Nimepiga A dakika 50, muziki wa piano mpaka nimeukariri, wakanipa namba ya buku ya B. Nimeingia kwa B. Siti ya mama ipo, 9C. Pa chakula pameandikwa "kimeombwa". Ni siku ya nne leo, bado kimeombwa.

Dawati la Tiketi #42

Hiyo ndiyo NN. Wapigie B moja kwa moja, usipitie A tena.

Fundi wa Trei #43

Au toroli ni la kuuza na hakuna wa kujibu. Tutaona mwezi wa tatu.

Sista Wodi Namba 4 #44

Vyovyote iwavyo, mama asipande bila akiba yake.

Mwana wa Kurasini #45

Nimeongea naye jana usiku. Anasema safari hii hataki trei ya mtu, dada atamchemshia viazi vitamu viwili na mayai, achome sindano yake akivishika mkononi.

Bint Mkunazini #46

Mayai kwenye ndege! Masikini jirani wa 9B.